Kodi ya Nyumba Kando ya Stesheni ya Dodoma Inanunua Nini?

Dalali aliyenitembeza mjini Dodoma mwezi Septemba, nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga, alikuwa na sentensi moja aliyoirudia katika kila mlango tuliosimama: "Hapa, kaka, unakaa na historia." Alimaanisha stesheni ya Reli ya Kati, ambayo kutoka kwenye nyumba nyingi alizonionesha ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na alimaanisha vilevile kwamba kwa sababu hiyo bei haina mazungumzo. Nimeifikiria sentensi hiyo muda mrefu, kwa sababu ina ukweli ndani yake na pia ina jambo linaloniudhi. Mpangaji wa katikati ya Dodoma analipia historia kila mwezi, lakini hakuna shilingi hata moja ya fedha hiyo inayolazimika kurudi kwenye ukuta, dari au dirisha linaloibeba historia hiyo. Mahali pa kurekebisha kasoro hiyo, kwa maoni yangu, ni katika mkataba wa pango, karatasi ambayo wapangaji wengi hawajawahi kuiona, sembuse kuisaini.

Tuanze na stesheni yenyewe. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa nchi ya Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, walioishi katika tembe, zile nyumba za ukuta wa miti na udongo zenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, ambazo zinalistahimili jua la huku kuliko bati lolote. Jina la mji linasimuliwa kwamba limetokana na neno la Kigogo linalohusu kuzama, kwa kisa cha tembo aliyezama kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Mji, kwa maana ya maduka, posta na nyumba za kupangisha, ulikua kutokea kwenye reli. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia walijenga mtaa ambao mpaka leo tunauita Uhindini, duka likiwa mbele na familia nyuma, au duka chini na familia juu, na ndiyo maana anayepanga pale hayuko jirani tu na jengo la kumbukumbu, kwa kuwa nyumba anayolala ni sehemu ya kumbukumbu ileile.

Nyumba hizo zilijengwa na watu walioisoma hali ya hewa. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi ya Oktoba na Novemba joto lake linakausha koo. Kuta nene, dari iliyo juu sana, varanda inayoangalia barabara na madirisha yenye milango midogo ya mbao yenye mapengo ya kupitisha hewa, vyote hivyo vilikuwa jibu la joto hilo kabla ya feni kuwa kitu cha kawaida. Katika nyumba niliyoichagua, sakafu ilikuwa ya sementi nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi mpaka ikang'aa, na saa nane mchana, wakati lami ya nje inanuka, ungeweza kulala juu yake bila mkeka ukahisi ubaridi mgongoni.

Historia ya pango katika mtaa huu haifundishwi, nayo ni nzito kuliko ya matofali. Mwaka 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo, na kwa sheria hiyo nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ambazo mwenye nyumba hakuwa akilikalia jengo zima yeye mwenyewe, zilichukuliwa kuwa mali ya umma. Wenye nyumba wengi katika miji yetu, hasa wenye asili ya Asia, walilala wamiliki wakaamka hawana kitu, na wapangaji wakaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyoweka mipaka ya kupandisha kodi na vyombo vya kusikiliza malalamiko ya wapangaji, na mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Uhindini miaka ya sitini ameshuhudia nyumba ileile ikiwa ya tajiri, ya Serikali, ya shirika, na pengine ya tajiri tena, na ameshuhudia kodi ikiamuliwa na mtu, kisha na sheria, kisha na mtu tena.

Ilipofika Julai 2016, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu mwaka 1973 na kukaa miongo minne ukitekelezwa kwa kusuasua. Yaliyofuata yalikwenda mbio: Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016, Makamu wa Rais Desemba 2017, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Mji wenye nyumba chache za kupanga ulipokea watumishi, wafanyabiashara na wanafunzi kwa pamoja, na kodi ikapanda kama ambavyo ingepanda mahali popote penye uhaba.

Hata hivyo uhaba peke yake hauelezi kila kitu. Wizara zilihamishiwa Mji wa Serikali wa Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji, na makazi mapya yakajengwa kwa wingi Ilazo, Kisasa, Nkuhungu na kwingineko. Mtumishi wa wizara hana sababu ya kikazi ya kupanga kando ya stesheni kongwe. Hata msafiri wa treni hana sababu hiyo tena, kwani treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024 na kutumia chini ya saa nne, ina stesheni yake mpya. Lakini nyumba za Uhindini na mitaa ya karibu na Nyerere Square hazishuki bei. Sehemu ya jibu ni urahisi wa maisha, maana soko, benki, misikiti, makanisa na vituo vya daladala viko karibu. Sehemu nyingine, ninavyoona mimi, ni ile sentensi ya dalali. Watu wanapenda kuishi mahali palipo na sura, penye miti iliyokwisha kukua na varanda zinazotazamana, na katika jiji ambalo sehemu yake kubwa imejengwa juzi, sura hiyo ni bidhaa adimu. Mwenye nyumba anaiuza bila kuwa ameilipia.

Nililipa kodi ya miezi sita kuanzia Oktoba. Kwa asiyezijua hesabu hizi, tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi: miezi sita ni shilingi 1,800,000, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 300,000, na kabla hujanunua hata umeme wa LUKU umeshatoa shilingi 2,100,000. Hapakuwa na mkataba, ila daftari la mwenye nyumba, lenye jina langu, tarehe na saini. Mwishoni mwa Machi mzee alikuja asubuhi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, kisha akasema: "Mwanangu, nyumba naitaka. Wageni wa Bunge wanakuja, na wao wanalipa kwa siku." Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na kila mkazi wa Dodoma anajua maana ya miezi hiyo mitatu kwa bei ya vitanda. Sikumchukia mzee. Miezi sita ilikuwa imekwisha, na sikuona kwamba amenikosea.

Jambo lililoniumiza nililiona Juni, nilipopita mtaani pale. Ile milango midogo ya mbao ya madirisha ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa nje ya ukuta wa uani, na mama lishe wa jirani alikuwa amekwisha kupewa ruhusa ya kuichukua kuwa kuni. Niliomba mmoja, akanipa. Ukiukuna rangi yake kwa kisu unakuta kijani, chini ya kijani kuna samawati, chini ya samawati kuna kijivu, na chini kabisa mti wenyewe mwekundu, mzito, usio na tundu la mdudu. Ndoana yake ya chuma ilikuwa imefuliwa kwa mkono. Alama za nyundo zinaonekana. Mahali pake palikuwa pamewekwa madirisha ya alumini ya kusukuma, dari ikashushwa kwa jipsamu, na marumaru zikabandikwa juu ya ile sakafu nyekundu. Sasa chumba hakikaliki mchana bila kiyoyozi, na gharama ya kiyoyozi inasomeka kwenye LUKU ya mpangaji. Tangazo la nyumba hiyo, nililoliona baadaye, bado linataja stesheni ya zamani.

Msomaji atauliza kama sheria haikatazi ubomoaji wa namna hiyo, nami nilijiuliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda bila masharti majengo yaliyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanahitaji kutangazwa rasmi. Milango ya kuchonga inapewa nafasi zaidi, kwani mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 inahesabika kuwa kitu cha kulindwa. Mwaka 1863 una maana Kilwa na Bagamoyo. Kwa Dodoma hauna maana yoyote, kwa sababu mji mzima, kuanzia tofali la kwanza la Mjerumani, ni wa karne ya ishirini. Nusu karne kati ya mwaka ule na kufika kwa reli inatosha kuiacha nje kila nyumba niliyoitaja, na milango midogo ya dirisha isiyo na nakshi haimo katika neno la sheria hata kidogo.

Mkoa huuhuu una mfano wa ulinzi wa aina nyingine. Michoro ya miambani ya Kondoa, karibu na Kolo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ikiwa na mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Pale dola imesimama, na inastahili kusimama. Lakini mwamba hauhitaji mpangaji. Nyumba inamhitaji, kwa kuwa nyumba isiyokaliwa huko kwetu humalizwa na mchwa na popo ndani ya misimu michache ya mvua. Kuzigeuza nyumba zote za Uhindini kuwa makumbusho haiwezekani, wala mimi nisingependa. Ninachotaka ni zikaliwe na watu wenye sababu ya kuzitunza.

Hapa ndipo historia ya ardhi ya Dodoma inaponisaidia kuliko hoja yoyote ya kitaalamu. Kuanzia mwaka 1973 mji huu ulisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na wenye nyumba walipewa hati za miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi mtu aliweza kupata hadi miaka 99. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Wazee wa Dodoma walikuwa wakisema kwamba wao ni wapangaji katika viwanja vyao wenyewe, na kwamba hakuna anayejenga nyumba ya maana juu ya karatasi itakayokwisha kabla wajukuu hawajakua. Tarehe 15 Mei 2017 Rais aliivunja CDA, majukumu yake yakahamia halmashauri, na njia ya hati za miaka 99 ikafunguliwa. Wenye nyumba walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ombi langu kwao ni kwamba wauchukue uchungu uleule wa miaka 33 na kuupima kwa miezi sita. Kama mtu mwenye miaka 33 mkononi alisita kujenga ukuta mzuri, kwa nini mwenye miezi sita apake rangi, azibe nyufa, amwite fundi arekebishe bawaba?

Malipo ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo yana ubaya mwingine unaohusu nyumba kongwe hasa. Fedha ikiingia yote Januari, kwa kawaida inakwenda kumalizia msingi wa nyumba mpya pembezoni mwa jiji, na paa likianza kuvuja Machi, mwenye nyumba hana akiba na mpangaji hana silaha, kwa sababu kodi ambayo angeweza kuizuia alikwisha kuitoa. Nyumba mpya huvumilia uzembe wa miaka kumi. Nyumba ya zamani, yenye kenchi za mbao na bati lililotoboka kwenye misumari, haivumilii hata miwili. Kwa maneno mengine, mapato ya nyumba kongwe ndiyo yanayojenga nyumba mpya, na nyumba kongwe inaachwa ife.

Sheria haiko kimya kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamchukulia mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo kuwa ameahidi kulitunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja, hata kama mkataba haukusema. Aidha, pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, kipindi cha kulipia kodi ndicho kinachohesabiwa, na notisi ya kuondoka haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Haya ni mambo makubwa, na mpangaji anayeyajua anazungumza kwa sauti tofauti. Tatizo ni kwamba ahadi ya kutunza paa haimzuii mtu kung'oa dirisha, na kudai haki kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kwa ushahidi wa daftari lenye saini moja ni safari ndefu kwa mtu anayepaswa kulala mahali usiku huohuo.

Naijua pia hoja ya upande wa pili, na nisingependa kuidharau. Mama mmoja mwenye nyumba, jirani ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba fundi anayeweza kutengeneza kenchi ya zamani ni mzee mmoja tu anayemjua, kwamba mti mgumu bei yake haishikiki, na kwamba wapangaji wenyewe ndio wanaoomba marumaru na jipsamu. Anasema kweli katika yote matatu. Wapo pia wanaokwepa mkataba wa maandishi kwa kuogopa kodi ya Serikali: pango linapolipwa na kampuni au ofisi, asilimia 10 hukatwa kama kodi ya zuio, na mwenye nyumba anahisi kwamba kila karatasi ni mlango wa mtoza ushuru. Ndiyo maana siamini katika katazo peke yake. Halmashauri ya Jiji ingeweza kuanza na jambo dogo: kuorodhesha nyumba za mitaa inayozunguka stesheni, kutaja katika kibali cha ukarabati ni vitu gani visiguswe, na kumpunguzia ada za vibali mwenye nyumba anayevitunza. Orodha hiyo haihitaji kusubiri sheria ya mwaka 1964 irekebishwe, ingawa mwaka 1863 nao unapaswa kuondolewa, kwa kuwa unaihesabu nusu ya miji ya bara kuwa haina jambo la kukumbukwa.

Lililo mikononi mwetu leo ni mkataba. Nyumba ninayokaa sasa iko mtaa wa pili kutoka ile ya kwanza, na mwenye nyumba wake, baada ya vikao vinne na vikombe vingi vya kahawa, alikubali kuandika. Mkataba ni wa miaka mitatu, kodi inalipwa kila baada ya miezi mitatu, inapanda mara moja kwa mwaka kwa kiwango kilichotajwa, na matengenezo ninayoyafanya kwa makubaliano yanakatwa kwenye kodi kwa risiti. Kifungu cha saba kinasema kwamba milango, madirisha ya mbao, sakafu na kenchi haviondolewi na upande wowote bila ridhaa ya mwingine. Yeye amepata mpangaji asiyehama kila Machi, na amekiri kwamba udalali na miezi mitupu vilikuwa vikimla zaidi kuliko alivyodhani. Wiki iliyopita nilimletea fundi seremala ule mlango mdogo niliouokoa kwenye kuni, kwa kuwa dirisha la chumba cha nyuma limekosa mmoja. Ulizidi kwa upana wa vidole viwili. Fundi ameupunguza upande usio na bawaba, ameiacha ndoana ya chuma ilivyo, na rangi hatujaipaka bado.